Mtoto Akileta Fumbo la Hesabu Nyumbani

Leo tunaongea habari ya hesabu za mafumbo. Hizi ni zile hesabu ambazo mtoto wa shule hapewi namba tupu. Anapewa maneno. Anaambiwa habari ya mkulima, au mwuza samaki, au gari la abiria, halafu anaulizwa swali. Watoto wengi wanaziogopa. Wazazi nao wanaziogopa. Na tuseme kweli, hata sisi walimu wengine tunaziogopa.

Tulikuwa Milepa, huko bondeni Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Ilikuwa jioni, baada ya mavuno. Tulikaribishwa kwenye nyumba moja ambayo baba na mama wote wawili wamehitimu kisomo. Mtoto wao wa darasa la nne alikaa karibu na taa, daftari mapajani. Alikuwa anasoma kwa sauti:

"Mzee mmoja alivuna magunia 12 ya mpunga. Alivuna magunia 5 zaidi ya jirani yake. Jirani yake alivuna magunia mangapi?"

Mtoto hakukawia. Akaandika: 12 + 5 = 17.

Baba akachukua daftari. Akaiangalia ile hesabu, akahesabu polepole kwa vidole. Kumi na mbili, na tano, kumi na saba. Akasema, "Umepata, mwanangu. Ni kumi na saba."

Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Hakulishika daftari. Alisikia tu. Akasema, "Baba watoto, hebu ngoja kwanza. Huyo mzee si ndiye aliyemzidi jirani?"

"Ndiye."

"Mzee ana kumi na mbili, jirani ana kumi na saba. Sasa nani kamzidi mwenzake?"

Pakawa kimya. Halafu tukacheka wote, na baba akacheka kuliko sisi. Mtoto akafuta, akaandika 12 – 5 = 7. Jirani alivuna magunia 7.

Mnaona? Baba hakukosea kuhesabu. 12 na 5 ni 17, hakuna mtu wa kubisha. Kosa lilikuwa katika kusikiliza habari. Mama alikwenda kwanza akawaona wale watu wawili, mzee na jirani, kila mmoja na rundo lake la magunia. Namba alizishika baadaye.

Kosa lilitoka kwetu

Tulimwuliza yule mtoto kwa nini alijumlisha. Alijibu bila kusita: "Kwa sababu limeandikwa neno zaidi."

Hapo tuliinamisha vichwa, maana wanaofundisha hivyo ni sisi. Walimu wengi tumewaambia watoto: ukiona neno "zaidi", jumlisha. Ukiona "yalibaki", toa. Ukiona "kila", zidisha. Ni njia ya mkato. Inasaidia siku mbili tatu, kisha inamwangusha mtoto.

Angalieni hili fumbo: "Mama aliuza mayai 9. Yakabaki mayai 6. Mwanzoni alikuwa na mayai mangapi?" Neno "yakabaki" limo, lakini hapa hatutoi. Tunajumlisha. Yaliyouzwa 9, yaliyobaki 6, jumla 15.

Na neno "kila" je? "Watoto ni 8, kila mtoto alipewa maembe 3. Maembe yote ni mangapi?" Hapo unazidisha, unapata 24. "Maembe 24 waligawana watoto 8 sawasawa. Kila mtoto alipata mangapi?" Hapo unagawanya, unapata 3. Neno ni lile lile, kazi ni mbalimbali. Kwa hiyo neno moja halitoshi kukuambia la kufanya. Ni habari nzima inayokuambia.

Msidhani ni watoto wa kwetu peke yao. Huko Ufaransa, katika mji wa Grenoble, watafiti wa elimu waliwajaribu watoto wadogo wa shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Waliwapa watoto fumbo la meli yenye kondoo 26 na mbuzi 10, halafu wakauliza nahodha ana umri gani. Ninyi wenyewe mnaona halina jibu. Kondoo na mbuzi wanahusiana nini na miaka ya nahodha? Lakini kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kutumia zile namba. Wengine walijumlisha wakasema nahodha ana miaka 36. Walikuwa wamezoeshwa kwamba shuleni kila swali lina jibu, na kwamba namba mbili zikionekana lazima zifanyiwe kitu.

Namna ya kulifungua fumbo

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Huyo mwerevu anafanyaje?

Alikuwako mwalimu mmoja wa hesabu, George Pólya, mzaliwa wa Budapest nchini Hungaria, ambaye baadaye alifundisha Marekani. Mwaka 1945 alitoa kitabu kuhusu jambo hili hili. Alisema kazi ina hatua nne. Kwanza uelewe swali. Pili utafute njia. Tatu uhesabu. Nne urudi nyuma ukague. Ni maneno mepesi, lakini sisi tumeona kwamba watoto wengi wanaruka ya kwanza na ya pili, wanaanzia ya tatu, na ya nne hawaifikii kabisa.

Tujaribu pamoja. Chukueni kijiti mchore chini, au kalamu na karatasi.

"Mchuuzi alinunua samaki 60 Ziwa Rukwa kwa shilingi 90,000. Aliwabeba kwa baiskeli muda wa saa 4. Njiani samaki 6 waliharibika akawatupa. Waliobaki aliwauza kila mmoja shilingi 2,000. Alipata faida kiasi gani?"

Usihesabu bado. Soma mara mbili. Kisha funika karatasi ujisimulie mwenyewe: kuna mtu alinunua samaki, wengine wakaoza, waliobaki akawauza. Ukiweza kusimulia hivyo bila kutaja namba hata moja, umeelewa. Ukishindwa, rudi usome.

Sasa uliza: wanataka nini? Wanataka faida. Faida ni ile fedha inayozidi mtaji. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanatafuta fedha ya mauzo, wakiipata wanaweka kalamu chini. Swali halikuuliza mauzo.

Halafu uliza: kipi kimo ndani ambacho hakina kazi? Zile saa 4 za baiskeli. Zimechosha miguu ya mchuuzi, lakini katika hesabu hii hazina kazi. Ziache.

Njia ni hii. Kwanza tujue samaki wangapi waliuzwa: 60 kutoa 6, ni 54. Pili, mauzo: 54 mara 2,000, ni shilingi 108,000. Tatu, tuondoe mtaji: 108,000 kutoa 90,000, tunapata shilingi 18,000. Hiyo ndiyo faida.

Usifunge daftari. Kagua. Kama samaki wote wangekuwa wazima, angeuza 60 kwa 2,000, yaani 120,000, na faida ingekuwa 30,000. Sasa kapata 18,000. Kimepungua nini? Shilingi 12,000. Na samaki 6 waliooza ni 6 mara 2,000, yaani 12,000. Imekaa sawa. Kama mtoto angepata faida ya 180,000 kwa sababu ya kuongeza sifuri, angejua mwenyewe kwamba amekosea. Haiwezekani faida ipite fedha yote ya mauzo.

Kuna mafumbo ambayo hesabu inatoka sawa, lakini jibu linatoka vibaya. Hasa yale ya kugawanya yenye baki. Mkulima ana magunia 35 ya kutoa shambani. Mkokoteni wa ng'ombe unabeba magunia 4 kwa safari moja. Ng'ombe wataenda safari ngapi? 35 gawanya kwa 4 ni 8, baki 3. Mtoto anaandika "8 baki 3" na kupiga mstari. Sasa mwambieni akawaeleze ng'ombe waende safari 8 na baki 3! Magunia 3 yaliyobaki hayawezi kulala porini. Safari ni 9.

Huko Marekani katika mtihani wa taifa wa mwaka 1982-83, watoto wa miaka 13 wapatao 45,000 waliulizwa swali la namna hii. Askari 1,128 wasafirishwe, basi moja linachukua 36, yatakiwa mabasi mangapi? Jibu ni mabasi 32. Waliopata ni 23 tu kati ya kila 100. Wengine 29 kati ya kila 100 waliandika mabasi 31 baki 12. Kugawanya waligawanya vizuri. Hawakukumbuka tu kwamba wale askari 12 ni watu.

Na saa je? Hizi zetu za Kiswahili zina mtego wake. "Gari liliondoka kijijini saa 11 alfajiri, likafika Sumbawanga saa 3 na nusu asubuhi. Lilitumia muda gani?" Mtoto anaona 11 na 3 na nusu, anatoa, anapata saa 7 na nusu. Lakini mtu aliyewahi kupanda gari alfajiri hafanyi hivyo. Anasema: saa 11 mpaka saa 12 ni saa moja. Saa 12 mpaka saa 3 na nusu ni saa tatu na nusu. Jumla saa 4 na nusu. Saa ikifika 12 inaanza upya kwa saa moja, kwa hiyo huwezi kutoa tu kama unavyotoa magunia.

Hesabu hizi mnazijua

Wasomaji wengine watasema: sisi tumesoma kisomo tu, tutamsaidiaje mtoto wa darasa la nne au la tano? Hapo ndipo hatukubaliani nanyi.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima 67 kati ya kila 100 nchini walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1986, walibaki wasiofika 10 kati ya kila 100. Miaka iliyofuata hali ilirudi nyuma. Lakini ule wakati ulionyesha jambo moja: mtu mzima akija darasani haji mtupu. Wazazi wenu waliosoma zama hizo walikuwa tayari wanauza, wananunua, wanagawa chakula cha mwaka, wanapima shamba kwa hatua. Walikosa alama za kuandikia tu.

Watafiti watatu wa Brazil walilithibitisha jambo hili katika mji wa Recife. Matokeo yao yalitoka mwaka 1985. Waliwafuata watoto watano waliokuwa wakiuza vitu barabarani na sokoni, kama vile nazi na matunda. Walijifanya wanunuzi. Wakamwuliza mtoto mmoja wa miaka 12: nazi moja ni 35, je, nazi kumi ni bei gani? Mtoto hakuweka sifuri mwishoni kama tunavyofundisha shuleni. Alisema nazi tatu ni 105. Tatu nyingine, 210. Akaongeza tatu tena, 315. Ikabaki moja. Ni 350. Amepata.

Kule barabarani watoto wale walipata majibu 98 kati ya kila 100. Baadaye wakapewa hesabu hizo hizo kwa karatasi na kalamu. Zilipoandikwa kama mafumbo yenye habari ndani, walipata karibu 74 kati ya 100. Zilipoandikwa namba tupu, walipata 37 tu. Mtoto ni yule yule, akili ni ile ile. Sisi tunapenda sana habari hii, maana inaonyesha kwamba fumbo, ambalo watoto wanaliogopa, ndilo liko karibu na maisha kuliko namba tupu.

Yule mama wa Milepa hakutumia akili ya ajabu. Alitumia akili ile ile anayotumia kujua nani kavuna kumzidi nani.

Asubuhi yake mnunuzi akaja

Tulilala pale. Kesho yake mnunuzi wa mahindi akafika na lori. Baba alikuwa na magunia 8 ya kuuza. Mnunuzi akasema ana bei mbili, mwenyeji achague. Kwa rumbesa atatoa shilingi 75,000 kila gunia. Kwa kilo atatoa shilingi 650.

Rumbesa mnaijua. Ni gunia lililojazwa, kisha likaongezwa kichwa juu na kushonewa wavu. Kwa macho, shilingi 75,000 ni kubwa na 650 ni ndogo. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kuuza kwa rumbesa. Baba alikuwa ameshanyanyua mkono akubali.

Mama akasema, "Hili nalo ni fumbo. Tulisome kwanza."

Basi wakakaa chini, na mtoto akaitwa na daftari lake. Wakauliza: tunatafuta nini? Tunatafuta njia ipi italeta fedha nyingi kwa mahindi yale yale. Tunajua nini? Bei mbili, na magunia 8. Nini kinakosekana? Uzito wa rumbesa moja. Bila uzito, bei mbili hizi haziwezi kulinganishwa, maana moja ni ya gunia na nyingine ni ya kilo. Hata mtu mwenye digrii asingeweza.

Wakamwomba mnunuzi apime gunia moja. Alinung'unika, lakini mizani ilikuwemo ndani ya lori. Ikasoma kilo 120.

Mtoto akaandika: 120 mara 650 ni 78,000. Kwa rumbesa ni 75,000. Tofauti ni shilingi 3,000 kila gunia. Kwa magunia 8 ni shilingi 24,000. Hizo ndizo zingekwenda na lori bila mtu kujua.

Mnunuzi akaona mambo yanabadilika. Akasema, "Sawa, tupime kwa kilo. Lakini mimi nakata kilo 2 kila gunia, ya gunia tupu."

Mtoto akahesabu tena. Kilo 2 kwa magunia 8 ni kilo 16. 16 mara 650 ni shilingi 10,400. Kwa hiyo katika ile 24,000 ingebaki 13,600. Bado ni afadhali kuliko rumbesa. Lakini baba sasa alikuwa ameamka. Akachukua gunia tupu la nailoni, akalitupia mizani. Mshale haukusogea hata nusu kilo. Akamwambia, "Ndugu yangu, hata tukisema ni nusu kilo, magunia manane ni kilo nne. Wewe unataka kumi na sita. Hizo kumi na mbili ni za nani?"

Kilo 12 mara 650 ni shilingi 7,800. Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe waliuza magunia matatu kwa kilo, kwa kukatwa nusu kilo kila gunia, kwa sababu walihitaji fedha ya sare na madaftari. Matano waliyarudisha ndani. Sisi hatukusema neno. Haikuwa kazi yetu, na kwa kweli hatukuhitajika.

Tuongeze neno kuhusu rumbesa. Sheria ya Vipimo hairuhusu kufunga mazao hivyo. Kifungashio cha mazao ya shamba kisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia. Hata kama huna mizani, debe unalo. Kama gunia la kawaida ni debe 6 na rumbesa ni debe 7, basi kila rumbesa umetoa debe moja bure. Ukiuza rumbesa 8 umetoa debe 8, yaani gunia zima na debe 2 juu yake. Lakini kumbukeni, debe linapima ujazo, mizani inapima uzito. Debe la mpunga ni jepesi kuliko debe la mahindi, kwa hiyo ukitoka kwenye zao moja kwenda jingine usichukue kilo za debe hili ukazipeleka kwenye debe lile.

Ukitaka kumsaidia mtoto

Usimchape kwa kukosa fumbo. Tumeona wazazi wanaofanya hivyo, na mtoto wao akiona fumbo anakimbilia kujumlisha haraka ili mambo yaishe. Hofu inafunga masikio.

Mwambie akusomee kwa sauti. Wewe uliza kama mtu asiyejua: huyo mtu ni nani? Ana nini? Kikatokea nini? Wanauliza nini? Maswali hayo hata mzazi ambaye hakumaliza kisomo anaweza kuyauliza. Kama mtoto hajaelewa, msimulie habari hiyo hiyo kwa Kifipa au Kisukuma, lugha mnayosemea nyumbani, kisha arudi kuiandika kwa Kiswahili. Wengine wanaona aibu kutumia lugha ya nyumbani katika kazi ya shule. Aibu hiyo haina msingi. Magunia ni yale yale kwa lugha yoyote.

Namba zikiwa kubwa zinamtisha, zipunguze. Badala ya samaki 60 sema samaki 6. Badala ya shilingi 2,000 sema 2. Akiona njia kwa namba ndogo, ataifuata kwa kubwa. Tumieni kokoto, punje za mahindi, au mistari mnayochora chini. Lile fumbo la mzee na jirani mngelichora hivi: mstari mrefu wa mzee, chini yake mstari mfupi wa jirani, na kipande kilichozidi ni 5. Ukishachora, huwezi tena kusema jirani ana 17.

Na akipata jibu, mwulize: je, linawezekana? Hilo ni swali moja tu, lakini shuleni linasahaulika mno. Darasani kuna watoto wengi na mwalimu ni mmoja. Nyumbani mna nafasi ya kuliuliza.

Mazoezi

Haya matatu fanyeni jioni pamoja na watoto. Msiangalie majibu kwanza.

1. Baba ana mbuzi 14. Mbuzi wake ni pungufu kwa 6 kuliko wa kaka yake. Kaka yake ana mbuzi wangapi?

2. Watu 50 wanataka kuvuka mto. Mtumbwi unabeba abiria 8 kwa safari moja. Zitakuwa safari ngapi?

3. Mwenyekiti wa kijiji ana ng'ombe 23 na mbuzi 19. Mwenyekiti ana umri gani?

Majibu: La 1 ni mbuzi 20, kwa sababu mwenye pungufu ni baba, si kaka. La 2 ni safari 7. 50 gawanya kwa 8 ni 6 baki 2, na hao wawili hawawezi kuachwa ng'ambo. La 3 halina jibu. Mtoto wako akiandika 42, msomeeni tena pamoja ile habari ya nahodha.